Pete Nyeusi ya Bondeni

Juzi nilipopita karakana kuwasalimia, mmoja wenu ninyi vijana mlioletwa baada yangu aliniuliza kuhusu kile kikaratasi kilichofungwa kwa uzi kwenye redio ya dirishani, ile iliyotengenezwa ndani ya kopo la biskuti. Kina mistari miwili. Wa kwanza ni wa wino wa bluu uliopauka, wa pili ni wa wino mweusi, na yote miwili ni mwandiko wangu. Mlidhani ni utani wa wazee. Si utani. Kwa kuwa nimestaafu na sasa nina muda kuliko kazi, nimeona niwaandikie mwenyewe, kabla hamjasimuliwa na mtu mwingine akaongeza chumvi.

Niliingia karakana ile ya redio za upepo, zile za kuitana na kujibizana, hapa Singida nikiwa kijana kutoka Issuna, na viatu vya kuazima. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua. Siku ya kwanza fundi mkuu, Mzee Hango, hakunipa hata bisibisi. Alinipa ufagio. Nilipomaliza kufagia aliniwekea mezani redio iliyokufa, kubwa kama sanduku la nguo, akaniuliza: "Huyu alikufa na nini?"

Nikasema sijui, mzee.

"Basi usimguse. Daktari hamkati maiti kabla hajauliza habari zake."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na ndiyo sheria ya karakana mpaka leo. Vipuri vipya havikuwa vinafika kwetu, na vikifika ni vile ambavyo hatukuagiza. Kwa hiyo tuliishi kwa kuchuna redio zilizokufa. Kila kipuri kilichotolewa kilifungwa kikaratasi chenye mambo mawili: kimetoka wapi, na chombo chake kilikufa na nini. Itigi, radi. Ulemo, panya. Kilimatinde, maji ya mvua. Mnaweza kuona ni ushamba, lakini kipuri kilichotoka kwenye redio iliyopigwa radi huonekana kizima kwenye mita, ukikifunga kinakusaliti baada ya mwezi. Kilichotoka kwa panya ni salama, kwa sababu panya hula waya tu. Tena kipuri hakichukuliwi kwenye chombo kizima. Mzee Hango aliliita jambo hilo kumla mgonjwa.

Kulikuwa na desturi nyingine iliyotokana na hiyo. Fundi akistaafu, hafanyiwi sherehe ya keki. Anafungua droo yake mbele ya wenzake, anatoa kipuri kimoja kimoja, anasoma kilikotoka. Wote wanaitikia kwa kuuliza: "Chombo kilikufa na nini?" Naye anajibu, kisha anamkabidhi anayemtaka. Inaweza kuchukua mchana mzima. Watu hucheka sana, kwa sababu kila redio ina kisa chake.

Nilikaa na Mzee Hango miaka mingi kabla Rehema hajaja. Nilijifunza kusikia tatizo kabla ya kulipima. Nilijifunza kulehemu bila kuunguza. Nilimbebea mzee mfuko wa vifaa toka Manyoni hadi Mkalama, na nilijiona mwanawe. Halafu akaja Rehema Mkumbo kutoka Ulemo, mdogo wangu kwa miaka kumi na tano, ametoka chuo, sauti ya chini, vidole vyembamba. Siku ya kwanza mzee alimpa ufagio kama sisi sote. Alipomaliza akamwekea mezani redio, akamuuliza ilikufa na nini.

Rehema akainamia ile redio, akainusa.

"Mzee, huyu alikufa na chumvi," alisema. "Amekaa karibu na ziwa."

Ilikuwa imetoka zahanati ya kando ya ziwa la chumvi kweli. Mzee Hango alicheka mpaka akashika meza. Mimi ilimchukua mwaka mzima kabla ya kunichekea hivyo. Nakumbuka nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na nakumbuka nilikwenda kuimwaga nje. Wivu wangu ulianza hapo. Nautaja kwa jina lake, kwa sababu nimechoka kuuita majina mengine.

Msidhani Rehema alinikosea. Angenikosea ningepona. Kila asubuhi alikuja mezani kwangu, "Shikamoo kaka," naitikia marahaba kwa mdomo tu, anaweka kikombe changu upande wa kulia kwa sababu aliona natumia mkono wa kulia. Akikwama aliniuliza. Akikwamuka alisema mbele za watu kwamba kaka Ntandu ndiye aliyemwonyesha. Mtu akikufanyia hivyo na wewe una kijiba cha roho, kila wema wake ni mwiba.

Siku Mzee Hango alipostaafu tulikaa kumzunguka, akafungua droo. Alitoa vipuri vyake vyote na visa vyake vyote. Chini kabisa ilibaki mita yake, ile ya mshale, yenye kasha la ngozi, aliyoitumia tangu ujana. Kila mtu karakana alijua mita ile ni ya Ntandu. Mimi nilikuwa nimeshaipangia mahali kwenye meza yangu. Mzee aliifuta kwa kiganja, akaangalia huku na huku, akasema, "Rehema mwanangu, njoo."

Mimi alinipa patasi na mkebe wa misumari midogo. Nilishukuru. Jioni mke wangu aliniuliza mbona sili, nikamwambia meno.

Baadaye simu za mkononi zilikuja na redio za upepo zikawa zinapungua kama meno ya mzee. Zahanati moja baada ya nyingine ilizima. Zilibaki zile za mabondeni ambako simu haishiki hata ukipanda juu ya jiwe. Mojawapo ilikuwa zahanati ya Bondeni, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kuingia ndani kutoka kwetu Issuna. Nesi wake, Monika, ni mama wa makamo asiyependa kusubiri. Akihitaji gari la wagonjwa, redio ndiyo mdomo wake na ndiyo sikio lake. Hana kingine.

Hewa nayo ilikuwa imechafuka. Kila nyumba sasa ina sola, ina taa za bei rahisi, ina chaja, na vitu hivyo hutoa mikwaruzo inayoingia kwenye redio. Malalamiko yalikuja kila wiki. Tulikuwa tunawinda mikwaruzo kwa sikio, kama unamtafuta nyuki mmoja kwenye mzinga. Ndipo Rehema akaja na wazo lake.

"Kaka, tutengeneze redio ya programu," aliniambia. "Redio ya kawaida inasikia kituo kimoja kwa wakati. Hii inachukua kipande kizima cha hewa, inakipeleka kwenye kompyuta, programu ndiyo inachambua. Mikwaruzo tutaiona kwa macho, kwenye kioo, kama mistari. Ukiisogelea, mstari unanenepa."

Nilimwambia ni kitu cha vitabuni. Moyoni nilijua ni wazo zuri, na kilichoniuma ni kwamba halikuwa langu.

Akabandika mlangoni karatasi yenye vipuri kumi na moja, na kalamu nyekundu ikining'inia kwa uzi. Kila kikipatikana anakata mstari. Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nilikuwa nikiingia asubuhi macho yangu yanakwenda mlangoni kwanza, na mstari mwekundu mpya ulinichoma kana kwamba umechorwa juu ya jina langu.

Kwa manufaa yenu, kwa sababu mtakuja kutengeneza ya pili, niwaambie alivipata wapi. Kristali ilitoka kwenye redio ya Itigi iliyouawa na utomvu wa betri. Waya mwembamba wa shaba aliuchuna kwenye mota ya feni. Risista na kapasita zilitoka kwenye televisheni za mgongo tulizonunua mnadani kama vyuma chakavu, nazo alizipima moja moja kwa ile mita ya Mzee Hango, ya kasha la ngozi, mbele ya macho yangu. IC ya kukuza sauti, kile kidude cheusi chenye miguu mingi, ilitoka kwenye amplifaya ya kwaya iliyomwagikiwa uji. IC ya kukata mawimbi haikupatikana mkoa mzima. Aliiagiza Dar, ikaja na kifurushi cha basi baada ya wiki mbili, ndogo kuliko punje ya mtama, miguu kumi na sita. Aliilehemu akiwa amejizuia kupumua. Mimi vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kutetemeka miaka hiyo, nikatoka nje nikajifanya naangalia mvua.

Kilibaki kipuri kimoja. Pete nyeusi ya feraiti, nzito, ngumu kama kigae, upana wa kifuniko cha chupa ya soda. Ukiizungushia waya inaunganisha antena na redio bila kupoteza sauti. Bila hiyo redio ni kiziwi. Zipo pete nyingi za manjano kwenye kompyuta mbovu, na Rehema alijaribu tatu, lakini za manjano hazifai kwa kazi hii, mliandike hilo. Alizunguka kwa mafundi simu wa mjini. Akapanda basi kwenda Ulemo kwao, akapekua stoo ya shule. Alirudi na vumbi na mfuko wa viazi alivyotugawia sote.

"Kaka Ntandu, wewe umetembea mkoa huu kuliko mtu yeyote," alisema. "Hukumbuki mahali umewahi kuona pete nyeusi?"

Nilikumbuka palepale. Zahanati ya Bondeni, ndani ya boksi la sola, kwenye waya unaotoka kwenye kontrola, kile kidude kinachoongoza chaji ya betri. Niliifunga mimi mwenyewe pamoja na Mzee Hango, tulipofunga sola ile, ili kuzuia mikwaruzo ya kontrola isiingie kwenye redio.

"Hapana," nikasema. "Sikumbuki."

Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya Issuna kufanya ukaguzi, na Rehema alisema labda Ijumaa angepita huko mabondeni kutafuta. Nikaogopa ataiona. Sikilizeni mantiki ya mtu mwenye wivu: niliogopa asije akaichukua yeye, kumbe yeye ni mwanafunzi halisi wa Mzee Hango, asingegusa chombo kizima hata kwa kufa. Aliyekuwa tayari kumla mgonjwa ni mimi.

Nilifika Bondeni asubuhi ya mawingu mazito, masika. Nesi Monika alinipa kiti. Nikafungua boksi. Kontrola ilikuwa mpya, imebadilishwa na watu wa mradi. Nikajiambia, hii ya kisasa pengine haina haja ya pete. Nikaichomoa ile pete, nikawasha redio nikasikiliza. Kimya kizuri, hakuna mkwaruzo hata mmoja. Nikajipongeza.

"Hiyo unaipeleka wapi?" nesi aliuliza.

"Kupimwa."

Ninyi mnajifunza ufundi, kwa hiyo mmeshaona kosa. Siku ya mawingu sola haichaji. Kontrola isiyochaji haina kelele. Nilipima mgonjwa akiwa amelala. Fundi wa wiki moja asingefanya hivyo, na mimi nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini kazini. Masikio yangu yalisikia nilichotaka kusikia.

Nilirudi na pete mfukoni. Njiani nilikuwa nimepanga kuiweka mezani kwake mbele ya wote, niseme nimeipata, nione na mimi nikichekewa. Nilipofika nikakuta wamemzunguka, anawaonyesha namna programu inavyofunguka, bosi naye amesimama nyuma anatikisa kichwa kwa furaha. Nikaenda kwenye droo yangu. Na hapa mkono wangu ulifanya kitu bila kuniuliza: ulichukua kikaratasi, ukaandika kwa kalamu ya bluu, "Pete nyeusi. Zahanati ya Bondeni." Mazoea ya miaka yote hiyo. Mstari wa pili, wa chombo kilikufa na nini, sikuwa na cha kuandika. Nikauacha wazi, nikafunga droo.

Jua lilitoka baada ya siku tatu.

Malalamiko ya Bondeni yalikuja kwanza kidogo. Mchana hawasikii, jioni wanasikia. Nilijua. Nisiseme nilishuku, nilijua. Lakini kurudisha pete ilikuwa ni kusema niliitoa, na kusema niliitoa ilikuwa ni kusema kwa nini. Nikaandika kwenye daftari la kazi: hali mbaya ya hewa, wasubiri. Niliyaandika kwa mwandiko mzuri sana.

Wakati huo Rehema alikuwa amekwenda Kilimatinde. Huko juu kulikuwa na stoo ya zamani yenye redio ambayo hakuna aliyekumbuka ilinyamaza lini, na ndani yake akakuta pete nyeusi. Aliuliza ilikufa na nini. Mlinzi wa stoo alimwambia ilikufa na uzee, kama watu wema. Akaandika hivyohivyo kwenye kikaratasi. Akaizungushia waya, akaifunga, na redio ya programu ikafunguka masikio. Kwenye kioo cha kompyuta hewa yote ya Singida ilikuwa inashuka mistari mistari, ya bluu na ya njano. Watu walipiga makofi. Nilipiga na mimi. Viganja vyangu vilikuwa vizito.

Siku iliyofuata ndipo tukapata habari ya Bondeni. Mama mmoja alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Mchana wa jua kali. Nesi Monika aliita gari. Hospitali ilimsikia vizuri, ikamjibu mara nne: gari linakuja, lakini daraja limekatika, mleteni kwa njia ya juu tukutane Issuna. Yeye alisikia mikwaruzo tu. Akangoja, akaita tena, akaona mgonjwa anamponyoka. Akampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akashika njia ya chini. Gari lilisubiri juu, mkokoteni ukafika kwenye daraja lililokatika. Yule mama alijifungua hapohapo kando ya shamba la alizeti, kwa mikono ya nesi na rehema ya Mungu. Wote wawili wakapona. Ningependa kuandika kwamba nilipiga magoti nikatubu. Nilikwenda chooni, nikakaa huko muda mrefu.

"Twende Bondeni, kaka," Rehema alisema, akiwa ameshabeba kompyuta na kopo lake la biskuti. "Na redio twende nayo. Leo tutaiona hiyo kelele."

Nilikaa kiti cha nyuma pamoja naye, kompyuta magotini mwake. Tulipopita Issuna kioo kilikuwa safi. Tulipoanza kushuka, mistari myembamba ikatokea, imepangana kama meno ya kitana. Kila tulivyosogea ikanenepa. Yeye alikuwa anafurahi, ananionyesha kwa kidole, "Ona kaka, ona! Inafanya kazi!" Nami nilikuwa natazama wivu wangu mwenyewe ukichorwa kwenye kioo, ukikua kila baada ya kilomita. Mlangoni pa zahanati kioo kilikuwa cheupe chote.

Nesi Monika hakutusalimia. Alielekeza kidole kwenye boksi la sola, akakunja mikono.

Rehema alilifungua. Alishika ule waya wa kontrola, akaupitishia vidole mpaka mahali ulipokuwa bado umekunjwa mizunguko, na plastiki yake ikiwa na rangi ya zamani pale palipofunikwa.

"Hapa palikuwa na pete," alisema.

"Si ilichukuliwa na fundi Ntandu?" nesi akasema. "Huyo hapo nyuma yako. Alisema anaipeleka kupimwa."

Rehema hakugeuka haraka. Aliendelea kuushika ule waya. Kisha akanitazama, si kwa hasira, kwa namna mtu anavyotazama hesabu iliyokubali.

"Basi itakuwa bado inapimwa, dada Monika," alisema. "Tusamehe kwa kuchelewa."

Halafu akakaa chini, akachukua kopo lake la biskuti, akalifungua, akachomoa ile pete ya Kilimatinde aliyoitafuta wilaya kwa wilaya. Akakunjua waya wake mwembamba taratibu, mzunguko kwa mzunguko, akaizungushia ule waya mnene wa sola. Redio ya programu ikafa kiziwi palepale, kioo kikawa cheusi. Redio ya zahanati ikanyamaza mikwaruzo. Katika ule ukimya ikasikika sauti ya hospitali, safi, "Bondeni, Bondeni, mnatusikia?" Nesi Monika alikamata kipaza sauti kwa mikono miwili akaanza kulia.

Mtaniuliza nilijisikiaje. Aibu, ndiyo. Lakini nimeahidi kusema kweli: hata ule wema wake wa kunifichia mbele ya nesi niliuonea wivu. Nilijua mimi nisingeuweza.

Njia nzima ya kurudi alizungumza na dereva kuhusu bei ya alizeti. Hakuniuliza kitu, siku ile wala nyingine. Redio ya programu aliiweka dirishani na kopo lake wazi. Karatasi ya mlangoni akaiandika upya, mstari mmoja tu: pete nyeusi. Nami nilikuwa nayo kwenye droo, hatua nne kutoka pale. Ningeweza kuitoa kesho yake. Nilingoja aniombe. Yeye alingoja nimpe. Tulipitisha miezi minane hivyo, "Shikamoo kaka," "Marahaba," kikombe upande wa kulia.

Ikafika siku yangu. Walikaa kunizunguka. Mzee Hango aliletwa kwa bajaji, mkongwe, ameshika fimbo, sikio moja limezima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniachia mkono. Nikaanza kutoa vipuri. Kristali, Mkalama. "Chombo kilikufa na nini?" Mchwa. Spika, Manyoni. "Chombo kilikufa na nini?" Kuanguka kwenye punda. Vicheko. Mzee naye akauliza kwa sauti iliyochoka, nyuma ya wengine kidogo. Droo ikaisha, ikabaki kitu kimoja kwenye kona.

Ningeweza kuifunga. Walikuwa wameshaanza kusogeza viti. Nilimtazama Rehema, naye alikuwa anatazama mikono yake.

"Pete nyeusi," nilisoma. "Zahanati ya Bondeni."

"Chombo kilikufa na nini?" waliitikia, sauti za kucheka bado. Sauti moja tu haikuwamo.

Nikaomba kalamu. Aliyekuwa karibu alinipa nyeusi. Nikaandika mstari wa pili juu ya goti langu, nikausoma.

"Chombo hakikufa. Pete ilitolewa na Ntandu, kwa wivu."

Hakuna aliyecheka. Wengine walielewa papo hapo, wengine walielewa kwa kutazama nyuso za walioelewa. Mzee Hango aliinamisha lile sikio zima. "Amesemaje?" Rehema akamrudia neno kwa neno, taratibu. Mzee aliichukua karatasi akaisogeza karibu na macho, kisha akanirudishia.

"Andika vizuri," alisema. "Isomeke."

Nikapitisha wino mara ya pili. Ndiyo maana mstari ule ni mnene.

Nilimkabidhi Rehema pete. Hakusema asante, na nashukuru hakusema. Aliizungushia waya palepale mezani, akalehemu, akawasha, hewa ya Singida ikaanza kushuka kwenye kioo. Watu wakamsogelea, wakampigia makofi, na mimi mstaafu wa dakika kumi, mwenye droo tupu, nikasikia roho ikiniuma tena palepale pa zamani. Kwa hiyo msiamini mtu akiwaambia kwamba kukiri kunaponya. Kunakuachia mikono mitupu tu, usiwe na cha kuficha.

Kabla sijaondoka nilimwomba kwa sauti ya chini akikate kile kikaratasi, kwa kuwa kesho kutakuja vijana wapya wasionijua.

"Kaka," aliniambia, akiwa anakifunga uzi kwenye kopo, "kipuri hakikai karakana bila karatasi yake. Umenifundisha wewe."

Basi msikikate. Wino ukififia, mmoja wenu akiandike upya, mistari yote miwili, na isomeke.